Mungu Mwenye Mali, Mfalme Asiye na Kitu: Kisa cha Hekalu la Padmanabhaswamy

Mbele ya chumba kitakatifu cha hekalu la Padmanabhaswamy, mjini Thiruvananthapuram kusini kabisa mwa India, pana jukwaa ambalo sakafu yake ni jiwe moja tu. Lina futi zipatazo 20 kila upande na unene wa futi mbili na nusu, na lililetwa hapo kutoka mlimani miaka ya 1730. Waumini hupanda juu yake ili wamwone mungu wao vizuri, lakini kusujudu pale hawaruhusiwi. Desturi inasema anayelaza mwili wake juu ya jiwe hilo amekabidhi kila alicho nacho, shamba, nyumba na dhahabu, na tangu dakika hiyo vyote ni vya Padmanabha, yaani Vishnu, mungu wa hekalu hili. Mtu mmoja tu ndiye anayesujudu bila wasiwasi: mkuu wa ukoo wa kifalme wa Travancore, ufalme wa zamani wa eneo hilo. Yeye hana cha kupoteza, maana ukoo wake ulishakabidhi kila kitu mwaka 1750.

Wengi hulijua hekalu hili kwa sababu nyingine. Mwaka 2011 vyumba vyake vya chini vilifunguliwa kwa amri ya mahakama, ikakutwa hazina ambayo vyombo vya habari vilikisia thamani yake kuwa rupia trilioni moja, yaani zaidi ya dola bilioni 20 kwa wakati ule. Tangu hapo mitandao imejaa video za "mlango wenye nyoka" usiofunguka mpaka mtawa asome mantra, yaani maneno matakatifu. Nitafika kwenye mlango huo, kwa sababu najua msomaji ataniuliza. Ila uzito wa kisa hiki uko kwingine: mali ikishatolewa kwa mungu, nani anaishika, na anamjibu nani? Mahakama mbili zililijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti, na walioshinda mwishoni walishinda kwa kusema kwamba hawana kitu.

Hekalu lenyewe

Mwaka wa kujengwa kwake haupo kwenye hati yoyote. Kinachojulikana ni kwamba Nammalvar, mmoja wa washairi watakatifu wa Kitamil waitwao Alvar, alishaliimba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na limo katika orodha ya makao 108 ya Vishnu yanayoheshimiwa kuliko mengine. Jina la mji nalo limetokana na mungu wa humo: Thiruvananthapuram ni mji wa Ananta, nyoka anayelaliwa na Vishnu.

Wenyeji husimulia habari ya mtawa aliyemfuata mtoto mmoja wa ajabu hadi msituni. Mti mkubwa ukaanguka mbele yake, akauona ni Vishnu mwenyewe amelala, kichwa kiko mbali upande mmoja na miguu mbali upande mwingine, macho hayawezi kummaliza. Akamsihi apunguze umbo ili binadamu waweze kumtazama. Mtawa hakuwa na chochote cha kumkaribisha mgeni wake isipokuwa uji wa wali na embe la chumvi ndani ya kifuu cha nazi. Mpaka leo uji na embe la chumvi ni miongoni mwa vyakula anavyoandaliwa mungu huyo, na kifuu kimefunikwa dhahabu. Napenda jinsi kifuu kilivyopona: dhahabu yote iliyokuja baadaye haikukiondoa, ilikivika tu.

Sanamu ina urefu wa futi 18 hivi. Vishnu amejinyoosha juu ya nyoka mwenye vichwa vitano, mkono wa kulia ukining'inia juu ya linga, alama ya mungu Shiva, na kitovuni linachomoza ua la yungiyungi alilokalia Brahma. Miungu wakuu watatu wamo katika chumba kimoja, jambo ambalo si la kila hekalu. Urefu huo hautazamiki kwa mlango mmoja, kwa hiyo kuna milango mitatu. Katika wa kwanza unaona uso na mkono, katika wa pili kitovu na Brahma, katika wa tatu miguu. Hakuna anayemwona mzima kwa mara moja. Muumini husogea hatua kwa hatua na kumkusanya mungu wake vipande vitatu kichwani.

Sanamu ya zamani ilikuwa ya mti. Moto wa mwaka 1686 ulilitafuna hekalu, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya kujengwa upya kwa dhati. Ya sasa, ya miaka ya 1730, imeundwa kwa shaligrama 12,008. Hayo ni mawe meusi yanayookotwa katika mto Gandaki huko Nepal, nayo yanachukuliwa kuwa ni Vishnu mwenyewe bila kuchongwa. Juu yake pamepakwa katusarkara, mchanganyiko wa dawa za asili unaoganda mfano wa lipu ngumu. Mchanganyiko huo haupatani na maji. Mahekalu mengine huiogesha sanamu kuu kila siku kwa maji na maziwa. Hapa huogeshwa sanamu ndogo ya pembeni, na ile kubwa huondolewa maua ya jana kwa manyoya ya tausi.

Kwa nje hekalu linasema lugha mbili za ujenzi. Mnara wa lango, gopuramu, ni wa Kitamil kabisa: orofa saba za mawe na sanamu, kama mita 30 kwenda juu, na sehemu yake ya juu ilikamilika baada ya katikati ya karne ya 18. Ndani unakutana na ujenzi wa mbao wa Kerala, jimbo lenye mji huu, mapaa ya mteremko yaliyozoea mvua nyingi. Ukumbi mrefu unaozunguka ua una nguzo za mawe ambazo wenyeji huhesabu 365 na robo, sawa na siku za mwaka. Kila nguzo imechongwa mwanamke aliyeshika taa. Katika jukwaa jingine, la Kulasekhara, kuna nguzo ambazo ukizigonga hutoa sauti za muziki. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia, hivyo wengi wetu tutaishia nje kwenye bwawa la Padmateertham. Wanaume huingia kifua wazi wakiwa wamevaa msuli. Wanawake waliokuja na suruali hufunga kitambaa juu yake, na hata suala hilo lilifika mahakamani mwaka 2016.

Mfalme anapoitoa nchi

Ili kuelewa kesi lazima turudi kwa Marthanda Varma, aliyetawala kuanzia 1729 hadi 1758. Alirithi kiti kilichokuwa kinayumba. Ardhi ya hekalu, ambayo ndiyo iliyokuwa utajiri wa nchi, ilisimamiwa na baraza liitwalo Ettara Yogam, "baraza la wanane na nusu": wajumbe wanane wenye kura kamili, na mfalme mwenye nusu kura. Chini yao walikuwapo mabwana wa nyumba nane zenye nguvu waliokusanya mapato ya ardhi hiyo na kumchezea mfalme watakavyo. Marthanda Varma aliwavunja bila huruma. Kisha akaanza kumeza falme za jirani moja baada ya nyingine, na mwaka 1741 huko Colachel akalishinda jeshi la Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Ofisa wa Kiholanzi aliyetekwa huko, Eustachius de Lannoy, aliishia kulifundisha jeshi la mfalme aliyemteka.

Waholanzi walifuata pilipili manga, na mfalme naye alikuwa na shabaha hiyo hiyo. Alipomaliza kuunganisha nchi aliiweka biashara ya pilipili mikononi mwa serikali, na mapato yakamiminika. Huo ndio mwambao wa Malabar ambao majahazi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani yetu, yaliufikia kwa pepo za msimu karne nyingi kabla ya Mholanzi.

Halafu, Januari 1750, akafanya jambo la pekee. Aliingia hekaluni, akaweka upanga wake mbele ya Padmanabha pamoja na hati ya kuitoa nchi nzima, na yeye na warithi wake wakawa watumishi. Akauchukua upanga tena, safari hii kama kitu alichoazimwa. Toka siku hiyo kila mtawala wa Travancore aliitwa Padmanabha Dasa, mtumwa wa Padmanabha, na nchi ikatawaliwa kwa jina la mungu.

Watu wa dini watakwambia ilikuwa ibada. Wanasiasa watakwambia ilikuwa hila. Sioni sababu ya kuchagua. Huyu ni mtu aliyenyang'anya falme kadhaa kwa miaka 20, na wenye falme hizo walikuwa hai na wana hasira. Baada ya 1750, kumwasi mfalme kulikuwa ni kumwasi Vishnu. Na mtu anayejua kwamba unyang'anyi wake una damu anaweza kweli kutaka kuuweka miguuni pa mungu. Mambo yote mawili yanaingia katika kifua kimoja.

Hazina iliyokutwa chini ilitokana na historia hiyo: sadaka za wafalme na waumini, vito vya ibada, faini, mapato ya nchi iliyouza viungo duniani kote. Ndiyo maana taarifa za 2011 zilitaja sarafu za Venice na za enzi ya Napoleon kando ya mikufu ya kienyeji. Pilipili ilikwenda Ulaya, dhahabu ikarudi.

Mtawala asiye na nchi

India ilipopata uhuru, Travancore haikuingia kirahisi. Mwaka 1949 iliunganishwa na Cochin, ufalme jirani, na katika mkataba wa kuungana mahekalu mengi yakawekwa chini ya bodi ya umma. Padmanabhaswamy likatengwa. Sheria ya 1950 ilisema litaendeshwa na ofisa mtendaji chini ya udhibiti na usimamizi wa "Mtawala wa Travancore". Mtawala huyo alikuwa Chithira Thirunal Balarama Varma, ambaye Novemba 1936 alitoa tangazo la kufungua mahekalu ya nchi yake kwa Wahindu wa matabaka yote, hata wale ambao kabla ya hapo walikatazwa kupita karibu. Hakuwa mtu ambaye wananchi walikuwa na haraka ya kumpokonya hekalu.

Tatizo lilikuwa limejificha katika neno "Mtawala". Mwaka 1971 India ilibadili katiba na kuufuta utambuzi wa wafalme wa zamani pamoja na posho zao. Chithira Thirunal aliendelea kusimamia hekalu na hakuna aliyelalamika. Alifariki 1991. Kwa Travancore urithi hupita upande wa mama, kwa hiyo ukuu hauendi kwa watoto wa kuzaa, nao ulipita kwa mdogo wake, Uthradom Thirunal Marthanda Varma. Akakaa pale pale, akifika hekaluni kila siku. Kuhusu ukoo huu husimuliwa kwamba wanapotoka hekaluni hukung'uta miguu, wasije wakaondoka na chembe ya mchanga wa Padmanabha.

Mwaka 2007 magazetini zikatoka habari kwamba ukoo unazihesabu hazina za vyumba vya chini kuwa mali yake. Hapo mchanga miguuni haukutosha tena. Waumini wakafungua kesi kuzuia vyumba visifunguliwe, na T. P. Sundararajan, ofisa wa zamani wa usalama aliyekuwa mwanasheria na jirani wa hekalu, akaipeleka hoja Mahakama Kuu ya Kerala. Hoja yake ilikuwa fupi: Mtawala alikufa 1991, na katiba inasema hakuna tena watawala, sasa huyu anasimamia kwa cheo gani?

Tarehe 31 Januari 2011 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Ndugu wa marehemu si Mtawala, kwa hiyo hana haki ya usimamizi. Serikali ya jimbo iunde chombo cha kulichukua hekalu, hazina ihesabiwe na ionyeshwe katika makumbusho. Ukoo ukakata rufaa. Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha hukumu, ila ikaagiza jambo ambalo lilibadilisha kila kitu: vyumba vifunguliwe na orodha iandikwe.

Kilichokutwa, na kisichoguswa

Vyumba vya hazina huitwa kallara, na wahesabuji walivipa herufi A hadi F. Vinne, C hadi F, vilikuwa vinafunguliwa kila mara kwa ajili ya vyombo vya ibada. Humo hapakuwa na mshangao mkubwa. Macho yalikuwa kwa A na B.

Tarehe 30 Juni 2011, mbele ya majaji wawili wastaafu na waangalizi wengine, A kilifunguliwa. Baada ya milango palikuwa na mawe mazito sakafuni. Yalipoinuliwa ikaonekana ngazi nyembamba ikishuka gizani. Chini humo yalitajwa mambo ambayo mtu angedhani ni ya hadithi za kale: mkufu wa dhahabu wa futi 18, sanamu ya dhahabu yenye vito, vifuu vya nazi vya dhahabu vilivyopambwa kwa mawe ya thamani, sarafu kwa magunia. Kile kiasi cha rupia trilioni moja hakikutoka mahakamani, yalikuwa makisio ya magazeti, na thamani ya kitu cha kale huwezi kuipata kwa kukipima kwenye mizani ya sonara. Ila hata ukikata nusu, na nusu tena, bado ni mali kubwa mno. Sundararajan hakuishi kuona zaidi. Alifariki Julai 2011, wiki chache baada ya kufunguliwa kwa A.

Sasa B. Kundi la waangalizi lilifika mlango wa ndani likakuta umekwama. Kabla fundi wa kuufungua hajaletwa, ukoo uliomba zuio, na Mahakama ya Juu ikasimamisha zoezi. Agosti hiyo wanajimu walioitwa kusoma alama za mungu walitangaza kwamba kukifungua ni kukaribisha balaa. Kifo cha Sundararajan kikaingizwa kwenye simulizi, nyoka wakazidi kunenepa, na mitandao ikamalizia kazi.

Kinachoharibu hadithi hiyo ni makaratasi ya hekalu lenyewe. Wakili Gopal Subramaniam, aliyeteuliwa kuwa rafiki wa mahakama, yaani mshauri wa majaji asiye wa upande wowote, pamoja na Vinod Rai, aliyewahi kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya India, walionyesha kwamba B kilishafunguliwa mara kadhaa tangu 1990, ikiwemo mwaka 2002. Ukoo ulijibu kuwa kilichofunguliwa ni chumba cha mbele, cha ndani hakijaguswa. Inawezekana. Lakini kutoka "haujawahi kufunguliwa na binadamu" mpaka "tulifungua sehemu ya mbele tu" ni safari ndefu, na video zile hazijaisafiri.

Na wakati dunia inatazama mlango uliofungwa, hasara ilikuwa inaripotiwa kwenye milango iliyo wazi. Ripoti ya Subramaniam ya Aprili 2014 ilieleza hesabu zilizovurugika na kuhofia kuwa dhahabu ilikuwa ikitolewa. Mahakama ikauweka usimamizi chini ya kamati iliyoongozwa na Jaji wa Wilaya na kumkabidhi Vinod Rai ukaguzi. Ripoti yake ilitaja vyungu vya dhahabu 769 visivyoonekana, vyenye thamani ya rupia bilioni 1.86, na upotevu katika dhahabu iliyotolewa kwenda kuyeyushwa na kusafishwa. Hakuna nyoka anayeyeyusha dhahabu. Mwizi wa hekalu, popote alipo, haanzi na chumba chenye laana. Anaanza na rejista isiyosainiwa.

Hukumu ya 2020

Tarehe 13 Julai 2020 majaji Uday Umesh Lalit na Indu Malhotra waliibatilisha hukumu ya Mahakama Kuu. Hukumu yao ina kurasa zaidi ya 200, na mhimili wake ni dhana ya kale ya sheria ya Kihindu.

Katika sheria hiyo mungu aliyewekwa hekaluni ni mtu kisheria. Anamiliki mali, anashtaki na kushtakiwa. Ila anahesabiwa kama mtoto asiyefikia umri: hawezi kusaini, kwa hiyo anahitaji mlezi, na mlezi huyo huitwa shebaiti. Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja ataielewa haraka akimfikiria msimamizi wa wakfu: nyumba imewekwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi, lakini kuna anayekusanya kodi, anayerekebisha paa na anayetakiwa kutoa hesabu. Mfanano unaishia mahali fulani, kwa kuwa ushebaiti una sura ya haki pia. Hurithiwa kwa desturi ya ukoo wa mwenye kuweka hekalu.

Hapo ndipo majaji walipoweka uzito. Walisema mkataba wa 1949 na sheria ya 1950 havikumpa Mtawala kitu kipya. Vilitambua tu nafasi aliyokuwa nayo tayari kama shebaiti, na nafasi hiyo haikutoka kwenye kiti cha ufalme. Marekebisho ya katiba ya 1971 yaliondoa vyeo na posho, hayakugusa mila ya ukoo. Kwa hiyo kifo cha 1991 hakikuliacha hekalu bila mlezi hata serikali ikalirithi kama mali isiyo na mwenyewe. Neno "Mtawala" katika sheria lisomwe kuwa ni mkuu wa ukoo kwa kufuata desturi. Uthradom Thirunal alikuwa ameshafariki, Desemba 2013, na nafasi ilikuwa kwa mpwa wake Moolam Thirunal Rama Varma.

Ukoo haukushinda kwa kudai hazina. Mbele ya majaji ulisimama na msimamo kwamba mali yote ni ya Padmanabha na wao ni watumishi wake. Madai ya umiliki, kama yale yaliyotajwa magazetini 2007, yangewazamisha. Hati ya Marthanda Varma, iliyoandikwa ili kuwafunga midomo wapinzani wa karne ya 18, ikawa kinga ya warithi wake mbele ya jamhuri. Sidhani kama aliwaza mahakama, lakini alielewa kwamba anayesema "si changu, mimi nashika tu" ni vigumu sana kumnyang'anya.

Je, hukumu ilikuwa sahihi? Katika sheria, naona ndiyo. Mahakama Kuu ilitaka neno moja libebe mapinduzi ambayo bunge halikuyaandika. Kiutendaji nina shaka. Majaji waliacha usimamizi kwa kamati ya watu watano: Jaji wa Wilaya kama mwenyekiti, mwakilishi wa ukoo, mwakilishi wa serikali ya jimbo, mwakilishi wa Wizara ya Utamaduni ya serikali kuu, na kuhani mkuu. Wote wawe Wahindu. Juu ya masuala ya sera iko kamati ya ushauri inayoongozwa na jaji mstaafu wa Mahakama Kuu. Ukoo wenyewe ndio uliopendekeza mpango wa namna hiyo, na nauhesabia hilo kuwa jema: baada ya ripoti za 2014, msimamizi mmoja asiye na wa kumuuliza asingeaminika tena. Lakini swali la B lilirushiwa kamati zenyewe ziamue. Mahakama iliyotumia miaka tisa na kurasa zaidi ya 200 ilisita mbele ya mlango mmoja. Naelewa kwa nini: kufungua kungeonekana kuwa ni mahakama kuvunja ibada, kukataza kungeonekana kuwa ni mahakama kuamini nyoka.

Tajiri anayekopa

Kilichofuata kinachekesha kwa uchungu. Septemba 2021 kamati ilirudi Mahakama ya Juu na malalamiko ya fedha. Gharama za mwezi zilikuwa kama rupia milioni 12.5, mapato hayazidi milioni 6 hadi 7. Sadaka zilikuwa zimeanguka wakati wa korona, mishahara inadaiwa, na serikali ya jimbo ilikuwa inataka irudishiwe fedha ilizotumia kulinda hekalu. Hekalu linaloitwa tajiri kuliko yote duniani lilikuwa linahangaika na mishahara. Dhahabu ya chini haiwezi kulipa umeme wa juu, kwa sababu ni mali ya mungu na mlezi hana ruhusa ya kuiuza. Kamati ikaomba amana iliyoanzishwa na ukoo mwaka 1965, yaani chombo cha kusimamia mali, nayo ikaguliwe. Amana ikapinga, ikisema haihusiki na uendeshaji wa hekalu. Mahakama ikaagiza ukaguzi ufanyike.

Maisha ya ibada hayakungojea. Mara mbili kwa mwaka sanamu hubebwa hadi ufukwe wa Shankumugham kuogeshwa baharini, mkuu wa ukoo akitembea mbele na upanga. Njia ya msafara ni ya kale kuliko uwanja wa ndege wa Thiruvananthapuram, uliojengwa juu yake miaka ya 1930. Kwa hiyo siku hizo njia ya kurukia hufungwa kwa saa kadhaa, ndege husubiri, na msafara hukatiza juu ya lami hadi baharini. Kila baada ya miaka sita huwashwa taa 100,000 kuhitimisha siku 56 za kusoma Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, desturi iliyoanza enzi za Marthanda Varma. Juni 2025 ilifanyika ibada kubwa ya kulitakasa hekalu upya ambayo wasimamizi walisema haijafanyika kwa miaka 270.

Mwezi mmoja kabla ya ibada hiyo, Mei 2025, dhahabu ya zaidi ya gramu 100 iliyotolewa chumba cha kuhifadhia dhahabu kwa ajili ya kupamba mlango wa hekalu ilikutwa haipo. Polisi walitafuta, wakaipata siku chache baadaye imefukiwa mchangani, ndani ya uzio ule ule, katika eneo lenye kamera na walinzi wenye silaha. Chumba B wakati huo kilikuwa kimefungwa kama kawaida. Kamati ilikuwa na kazi nyingine: kuhoji ni akina nani walikuwa zamu.